Nimeandika shajara miezi mitatu, mbona insha zangu hazijabadilika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka kila mmoja awe na daftari la shajara na aandike kila siku, akasema hiyo ndiyo njia ya kuwa mwandishi mzuri. Nimeandika miezi mitatu bila kuruka hata siku moja, lakini insha zangu zinarudi na alama zilezile na maoni yaleyale: "Kavu, haina uhai." Nakutumia ukurasa mmoja uone. Je, ni kweli shajara inakuza uandishi, au ni maneno tu ya walimu? Nimefika mahali pa kutaka kulitupa hilo daftari.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukurasa wako nimeusoma mara mbili. Naunakili hapa kama ulivyouandika, kwa sababu karibu jibu langu lote limo ndani yake:

"Leo nimeamka saa kumi na mbili. Nimejiandaa nimekwenda shule. Tumefanya jaribio la hisabati. Lilikuwa gumu sana alafu muda ukaisha. Nimehuzunika sana. Jioni nimerudi nyumbani, nimesoma kidogo nikalala."

Ndiyo, shajara inakuza uandishi. Mwalimu wako hakukudanganya. Ila alikupa nusu ya kazi, na nusu hiyo umeifanya kwa uaminifu ambao watu wazima wengi hawana. Nusu iliyobaki ni kurudi. Katika hizo siku 90, ni kurasa ngapi umezifungua tena, ukazisoma kama unayesoma maandishi ya mwenzako, kisha ukashika kalamu ukaandika upya? Nikiutazama ukurasa huu, nadhani hakuna hata mmoja. Mtu anaweza kuandika shajara miaka kumi akabaki palepale alipoanzia, ikiwa kila anachokiandika anakifungia daftarini asikione tena.

Lakini usidhani miezi mitatu imepotea. Kuna kitu umeshakipata na huenda hukioni kwa kuwa hakionekani kwenye alama. Kuandika ni kazi nyingi zinazofanyika kwa wakati mmoja: unatafuta wazo, unachagua neno, unapanga sentensi, unakumbuka tahajia, unaweka alama za uakifishaji, na huku unamfikiria atakayesoma. Akili haina nafasi ya kuyashika yote hayo pamoja. Mtoto anayejifunza kuumba herufi hawezi kutunga hadithi wakati huohuo, kwa sababu umbo la herufi limemaliza umakini wake wote. Mwaka 1981, watafiti wawili wa Marekani, Linda Flower na John Hayes, walieleza walichokiona walipowataka watu waseme kwa sauti kila wanachofikiri huku wakiandika. Kupanga, kuandika na kusahihisha hakukuwa kukifuatana kwa foleni. Kulikuwa kukiingiliana muda wote, sentensi hadi sentensi. Ndiyo maana asiyezoea kuandika huchoka upesi hivyo. Anayeandika kila siku hufika mahali ambapo baadhi ya mizigo hiyo inabebwa na mazoea, na akili inabaki na nafasi ya kushughulikia mambo makubwa. Kama zamani ulikuwa ukikaa robo saa mbele ya karatasi tupu hujui uanze wapi, na sasa sentensi ya kwanza inakuja ndani ya dakika mbili, basi shajara imeshafanya kazi yake ya kwanza.

Tatizo ni kwamba hiyo nafasi iliyopatikana hujaitumia. Mwaka 1987 Carl Bereiter na Marlene Scardamalia walitenganisha namna mbili za kuandika. Katika ya kwanza, mwandishi anatoa alichonacho kichwani kwa mpangilio kilivyomjia: hili, kisha hili, kisha hili, mpaka kimalizike. Katika ya pili, anapambana na alichonacho. Anajiuliza ni lipi lenye uzito, lipi liachwe, msomaji atalielewaje, na katika kupambana huko hata yeye mwenyewe hubadilisha anavyolielewa jambo. Ukurasa wako ni wa namna ya kwanza. Siku 90 za namna ya kwanza zimekufanya uwe hodari sana katika namna ya kwanza, na huo ndio ukavu mwalimu anaouona kwenye insha zako. Insha yako inaorodhesha mambo, kwa sababu hicho ndicho ulichokifanyia mazoezi.

Basi tuutazame ukurasa wenyewe. Una mambo saba hivi, na yote yana urefu uleule. Kuamka kumepewa nafasi sawa na jaribio, na jaribio limepewa nafasi sawa na kulala. Lakini najua, na wewe unajua, kwamba siku ile ilikuwa na jambo moja tu. Kuamka saa kumi na mbili hakukuwa na habari yoyote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufuta. Toa kuamka, toa kujiandaa, toa kurudi nyumbani, ubaki na chumba cha jaribio. Sasa umebakiwa na maneno mawili yanayojaribu kubeba siku nzima, "gumu" na "nimehuzunika", na hayawezi. Ni maneno ya hukumu. Msomaji anaambiwa hukumu bila kuonyeshwa kesi.

Jiulize: ugumu ulikuwa wapi hasa? Kwenye swali gani? Mkono wako ulikuwa ukifanya nini? Ulisikia nini? Ulijua saa ngapi kwamba mambo yameharibika? Mimi sikuwepo, kwa hiyo nitabuni. Ya kweli unayo wewe.

"Swali la nne nililisoma mara tatu. Mara ya tatu nikagundua kuwa macho yangu yalikuwa yakipita tu juu ya maneno. Aliyekaa mbele yangu akageuza karatasi. Ule mkwaruzo ukanishtua, nikatazama saa: zimebaki dakika kumi na mbili, na maswali sita. Nikaanza kuandika namba bila kuzifikiria, ili karatasi isionekane tupu."

Neno "huzuni" halimo, wala "gumu" halimo, na bado vyote viwili vinasikika. Kile kipande cha mwisho, "ili karatasi isionekane tupu", ndicho chenye aibu ya siku ile. Hakuna msamiati mzito hapo, hakuna methali wala tashbihi ya kupamba. Wanafunzi wengi wakiambiwa insha haina uhai hukimbilia kumwaga methali na misemo, wakadhani uhai umo humo. Uhai uko kwenye jambo mahususi uliloliona kwa macho yako, na shajara ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kujizoeza kuliona, kwa sababu siku haijapoa unapoiandika.

Sasa tazama vitenzi, maana hapa Kiswahili kinatupa utajiri ambao wengi hawautumii. Ukurasa wako una vitenzi kumi, na saba kati yake vina -me-: nimeamka, nimejiandaa, nimekwenda, tumefanya, nimehuzunika, nimerudi, nimesoma. Kiambishi -me- kinatangaza kwamba jambo limeshakamilika. Ukikitumia mfululizo, msomaji anakuta kila kitu kimekwisha kabla yeye hajafika. Lakini -ki- kinamweka ndani ya tendo likiwa bado linaendelea: "macho yangu yalikuwa yakipita." Na -ka- kinasukuma mbele, tendo likizaa tendo: nikagundua, akageuza, nikatazama, nikaanza. Naomba ufanye jaribio dogo. Chukua ukurasa wowote wa daftari lako, piga mstari chini ya kila kitenzi, usibadilishe kitu kingine chochote isipokuwa viambishi vya wakati. Tumia -li- kuweka msingi, -ka- kusogeza, -ki- kumsimamisha msomaji aangalie. Utashangaa jinsi matini yaleyale yatakavyoanza kutembea.

Jambo jingine ni namna sentensi zinavyoshikana. Umeandika: "Lilikuwa gumu sana alafu muda ukaisha." Neno "halafu" (na liandikwe hivyo, kwa h, nitalirudia) linasema tu kwamba hili lilikuja baada ya lile. Je, muda uliisha kwa sababu jaribio lilikuwa gumu? Au uliisha ingawa mengine yalikuwa mepesi? Ukiandika "Kwa kuwa nilikwama kwenye swali la nne, muda uliniishia kabla sijagusa yale mepesi," umelazimika kuamua. Ukiandika "Ingawa maswali ya mwisho yalikuwa mepesi, niliyafikia muda umekwisha," umeamua tofauti, na lawama imehama. Kuchagua kiunganishi ni kufikiri. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi kuhusu kinachowasaidia wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12 kuandika vizuri zaidi. Mazoezi ya kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi zenye uhusiano yalionekana kusaidia, na kufundishwa hatua za kupanga na kusahihisha maandishi yako mwenyewe kulisaidia zaidi. Kufundishwa sarufi peke yake, mbali na uandishi, hakukuboresha uandishi wao. Sisemi sarufi haina maana, mimi mwenyewe ni mwalimu wa sarufi. Ila inaingia mkononi pale unapoihitaji kusema jambo lako, na shajara imejaa mambo yako.

Basi kurudi kunafanyikaje? Napenda njia hii, na nimeiona ikifanya kazi kwa wanafunzi wa viwango mbalimbali. Andika kwenye ukurasa wa kushoto tu, wa kulia uache mtupu. Siku za kawaida andika dakika kumi au kumi na tano, bila kusimama, bila kufuta, bila kuwaza tahajia. Wakati wa kuandika usiwe mhariri. Ukihariri kila neno, wazo hutoroka. Kisha siku moja katika wiki usiandike jambo jipya. Soma kurasa za wiki nzima, kwa sauti. Sauti ni muhimu, kwa kuwa jicho husamehe na sikio halisamehi: sentensi isiyo na pumzi utaikata mwenyewe, neno lililorudiwa mara nne litakukera. Chagua ukurasa mmoja tu, ule wenye kitu ambacho bado kinakugusa, uuandike upya upande wa kulia. Futa, unganisha, ongeza ulichokisahau. Sasa una kurasa mbili zinazotazamana, na tofauti kati yake ndiyo somo lako la wiki. Hakuna mwalimu anayeweza kukuandalia somo linalokuhusu kiasi hicho.

Anne Frank, msichana Myahudi aliyekuja kujificha na familia yake huko Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alipewa daftari tarehe 12 Juni 1942, siku aliyotimiza miaka 13. Wengi wanajua kwamba aliandika mafichoni. Wachache wanajua kwamba aliandika mara mbili. Machi 1944 alisikia redioni waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London akiwaomba wananchi watunze shajara na barua zao za wakati wa vita. Mei mwaka huo akaanza kuandika upya shajara yake kwenye karatasi za kawaida: akikata, akiunganisha siku, akiongeza maelezo, akimfikiria msomaji asiyemjua. Alifanya hivyo hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1947 kilijengwa kutokana na matini yote mawili, ya awali na yale aliyoyaandika upya. Alikuwa na umri wa kama wako, na hakuna aliyemfundisha kurudi. Alipojua tu kwamba kuna mtu atasoma, aliona kwamba rasimu ya kwanza haitoshi.

Nilisema nitarudi kwenye "alafu". Kurasa za mwisho za daftari zitenge kwa makosa yako mwenyewe. Siku ile ya kusoma, ukikuta kosa, liandike huko mara moja pamoja na usahihi wake: alafu, halafu, kwasababu, kwa sababu. Upatanisho wa ngeli uliokushinda uandike kama sentensi nzima, usiuandike kama neno moja. Baada ya wiki chache utagundua jambo la kutia moyo: makosa yako hayazidi kumi au kumi na tano, yanajirudia tu. Mwanafunzi anayedhani hajui tahajia, mara nyingi hajui maneno kumi na mbili.

Kuhusu walimu kusoma shajara, nina maoni makali kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nikizisahihisha shajara za wanafunzi kwa kalamu nyekundu, kila kosa. Baada ya mwezi mmoja maandishi yao yalikuwa safi, na yalikuwa mafupi. Hakuna aliyethubutu kutumia neno asilokuwa na hakika nalo, hakuna aliyejaribu sentensi ndefu. Nilikuwa nimewafundisha kujihami. Mpaka leo inaniuma nikikumbuka binti mmoja aliyekuwa akiandika kurasa mbili kila siku, ambaye alifika mahali pa kuandika mistari mitatu. Baadaye nikajifunza kujibu badala ya kusahihisha: mwanafunzi anaandika, mimi namwandikia mistari miwili mitatu kuhusu alichokisema, namuuliza swali, na kama kuna neno alilolikosea nalitumia mimi kwa usahihi ndani ya jibu langu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwalimu mmoja wa darasa la sita huko Los Angeles alikuwa akiandikiana na wanafunzi wake hivyo kila siku, na watafiti walipozichambua kurasa hizo, shajara ya mazungumzo ikaanza kuenea katika madarasa mengine, hasa ya wanaojifunza lugha ya pili. Kama mwalimu wako hana nafasi, tafuta mtu mmoja unayemwamini, dada, kaka au rafiki, umpe ukurasa wa kulia tu. Mwombe akuambie jambo moja: ni wapi alipoteza hamu ya kusoma. Usimwombe alama.

Na zipo kurasa za kutompa mtu kabisa. Ukiwa na jambo linalokuumiza, liandike, uliache hapo. Mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti mwaka 1986 ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza sana maishani. Miezi iliyofuata, walioandika kuhusu tukio lenyewe pamoja na hisia zao walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Hiyo ni faida ya afya, nayo haihusiani na alama za insha. Kurasa za namna hiyo zisiwe malighafi ya mazoezi. Kunja pembe ya ukurasa kama alama, na siku ya kurudi uuruke.

Je, uandike kila siku? Ningependa, ila kama ratiba yako inabana, siku nne zenye siku moja ya kurudi ni bora kuliko siku saba zisizo na kurudi. Usijaribu kufidia siku ulizokosa kwa kuandika kurasa tano Jumapili. Mazoezi yaliyogawanywa hukaa, ya kulimbikiza huvuja. Daftari au simu? Kwa ajili ya kazi hii nachagua daftari, kwa sababu kwenye simu ukisahihisha rasimu ya kwanza inapotea, na wewe unahitaji kuziona zote mbili.

Lazima nikuambie pia pale ambapo shajara haifiki. Haitakufundisha muundo wa barua rasmi, wala ripoti, wala hotuba. Hayo hujifunzwa kwa kuona mifano mizuri na kuifuata. Haitakuongezea msamiati usiousoma mahali, kwa hiyo bila kusoma vitabu utabaki unazunguka ndani ya maneno yaleyale. Na insha ya hoja ina madai na ushahidi, jambo ambalo masimulizi ya siku hayakulazimishi kulifanya. Daraja lipo, hata hivyo. Mara moja kwa wiki, badala ya kusimulia, andika kuhusu jambo ulilobishana na mtu. Andika hoja yake kwanza, kwa haki, kiasi kwamba yeye mwenyewe akisoma angesema "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Kisha jibu. Ukifanya hivyo mara nane, insha ya kujadili haitakuwa kitu kigeni utakapokutana nayo kwenye mtihani.

Daftari usilitupe. Una kurasa 90 za malighafi, na humo ndani zipo siku tano au sita ambazo hukuzitendea haki ulipoziandika. Anza na ya jaribio la hisabati. Leo usiku bandika karatasi tupu mkabala na ukurasa huo, weka saa dakika kumi, uandike swali la nne tu: lilivyokuwa limeandikwa, ulivyokaa, ulichokisikia, na ulichokifanya ulipoona muda hautoshi. Usitaje saa ya kuamka. Ukipenda, nitumie kurasa zote mbili, ule wa zamani na huo mpya, na nitakujibu bila kalamu nyekundu.